Nyusi ya Mwisho Mjini

Mama mkwe wangu anauza spea za gari la aina moja tu, Marela, na hana habari na aina nyingine yoyote. Mpelekee skrubu iliyofungwa kwenye karatasi. Ataipindua kiganjani, ataisogeza mbali na macho, kisha atakuambia imetoka kwenye gari la kizazi cha ngapi, mlango wa upande gani, na kwamba fundi aliyeifungua alitumia bisibisi isiyo saizi yake. Wateja wanamwita Mama Taa. Jina hilo nililikuta nilipoolewa, na nikaelezwa kwamba limetokana na yeye kuanza biashara kwa kuuza taa, kwa kuwa taa ni nyepesi kubeba. Sikuuliza zaidi.

Kitu kimoja hakukijua: kuendesha gari. Kila asubuhi baba mkwe alimfikisha dukani, jioni akamfuata. Mtu akishangaa, mama alijibu bila kuinua macho, "Kwani muuza majeneza amewahi kulalia moja?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nimeajiriwa na kampuni inayouza Marela mpya. Mama anauza mifupa ya zilizochoka, mimi nauza zile ambazo hata jua hazijalijua. Basi kizazi cha tano kilipoingia, mkurugenzi wetu alipata wazo. Alitaka ukumbi wetu wa vioo upangwe Marela tano kwa safu, kutoka ya kwanza hadi ya leo, wateja watembee kutoka enzi moja hadi nyingine huku wakinywa juisi. Kazi ya kuzitafuta akanipa mimi, wiki saba. Ya kwanza tuliipata kwa daktari mmoja mstaafu. Ya tatu na ya nne zimejaa barabarani, nilichagua tu iliyo safi. Ya pili nikaikosa. Niliuliza gereji zote nilizozijua, nikatangaza, nikapiga simu hadi sikio likawa moto. Mwisho nikaenda nilikopaswa kuanzia.

Duka la mama ni refu na jembamba. Milango ya magari imesimama ukutani kama vitabu kwenye rafu, bampa zimening'inia darini, na yeye amekaa katikati kwenye kiti cha dereva cha Marela ya tatu kilichopigiliwa juu ya mbao. Kinalala nyuma na kusogea mbele kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kama mke wa mwanangu au kama kampuni?"

"Kama kampuni."

"Basi simama hapo hapo, kampuni haikai."

Nilimweleza shida yangu. Akacheka kidogo, akaanza kunisomesha, maana hilo ndilo linalompendeza kuliko yote. Kizazi cha kwanza, alisema, mafundi walikiita Sanduku: pembe nne, taa nne za duara, bati zito kiasi kwamba ukigonga mti, unaupa pole mti. Cha pili kikaitwa Nyusi, kwa sababu kiwandani walikiwekea utepe wa fedha juu ya kila taa, gari likawa na sura ya mtu aliyeulizwa swali asilolitarajia. Cha tatu ni Yai, kila kitu mviringo, kabureta imeondolewa, na mafundi wa zamani walinuna mwaka mzima. Cha nne ni Sinzia, kwa ajili ya taa zake zilizolegea. Na kila kizazi kilinenepa. Sanduku lilipita kwenye uchochoro wa nyuma ya duka lake bila kukunja vioo vya pembeni. Yai lilipita kwa maombi. Sinzia haikuthubutu.

"Na hii yenu mpya?"

"Wateja wetu wanaiita Simu, kwa ajili ya kile kioo kikubwa ndani."

"Bado wanasema hilo ni gari la saizi ya kati?"

"Ndivyo vitabu vinavyosema."

"Kati ya nini na nini?" aliuliza, na hakusubiri jibu. "Nyusi hamna. Tumezila zote."

Akanieleza kisa. Giaboksi ya Nyusi ilikuwa ngumu kuliko zote, na ilikaa vizuri kwenye Sanduku na kwenye Yai vilevile. Redieta yake vivyo hivyo, na mota ya vioo. Kwa hiyo kila Nyusi iliyokaribia kuzeeka ilichinjwa ili ndugu zake wawili waendelee kuishi. "Na mimi ndiye niliyekuwa mchinjaji mkuu," alisema, bila majivuno wala majuto. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kupangusa taa ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Iko moja," alisema baadaye. "Lakini mwenyewe hatakupa."

"Ni ya nani?"

"Mwalimu Klachi. Yule aliyekuwa na shule ya udereva."

"Unamfahamu, mama?"

"Kidogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga droo.

Mwalimu Klachi nilimkuta kesho yake kwenye baraza la nyumba yake, mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola, fimbo imeegemezwa kwenye goti. Miaka minne iliyopita mguu wake wa kushoto ulipooza nusu. Wa kulia alikuwa nao mzima, ila Nyusi ni ya gia za mkono, na mtu hakanyagi klachi kwa mguu wa kulia. Hapo ndipo alipofunga shule.

Alinipeleka gereji, akavuta turubai. Sikutegemea nilichokiona. Rangi yake ya samawati ilikuwa imefifia tu kwenye paa. Vile vitepe viwili vya fedha vilikuwa mahali pake, na gari likanitazama kwa mshangao kama mama alivyosema. Upande wa abiria kulikuwa na pedali za pili, klachi na breki, za mwalimu kumwokolea mwanafunzi. Nusu ya madereva wa mji huu walijifunzia humo.

"Nani amekutuma?" aliniuliza.

"Mama mkwe wangu. Anauza spea, wanamwita Mama Taa."

Mzee aliketi kwenye kigogo kilichokuwa mle gerejini, akacheka hadi akatoa leso.

"Amekuambia kwa nini anaitwa hivyo?"

"Alianza kwa kuuza taa, kwa kuwa ni nyepesi."

"Taa si nyepesi kihivyo," alisema. "Alianguka mtihani kwangu mara tatu. Mara mbili za kwanza ni kawaida, watu huanguka. Mara ya tatu tulikuwa kwenye mapipa, anarudi nyuma. Badala ya kupita katikati ya mapipa mawili akalifuata moja. Pipa likaviringika, likaenda hadi kwenye meza ya mtahini, likamwaga chai yake kwenye karatasi za mtihani za watu wote wa siku ile. Na taa yangu ya nyuma ikavunjika. Alisema ataniletea nyingine. Nikamwambia aache, maana taa ya Nyusi ilikuwa haipatikani mji mzima. Alikaa wiki mbili. Alirudi na taa sita."

"Sita?"

"Moja yangu. Tano za kuuza."

Miaka tisa nimekaa kwenye familia ile, na mwanawe niliyeolewa naye hakuwahi kuligusia hilo, pengine kwa kuwa naye halijui.

Nilimwomba gari. Alisema nilichukue, bure, siku zote ninazotaka, kwa sharti moja. Halibebwi na gari lingine, maana halijawahi kubebwa. Na halitoki hapo likiendeshwa na dereva wa kampuni. "Mlete yeye aliendeshe. Mimi nitakaa pembeni."

"Mwalimu, mama ana miaka hamsini na tisa."

"Waliofaulu nimewasahau wote," alisema huku akirudisha turubai. "Walioanguka wakarudi wakafaulu, nao nimewasahau. Aliyebaki ni mmoja."

Nilirudi dukani nikiwa nimetayarisha maneno njia nzima. Nilipomaliza kuyasema mama alikuwa anahesabu plagi, akaendelea kuzihesabu. Alimpimia mteja mafuta ya breki mbele yangu kana kwamba sipo. Nikaaga. Asubuhi ya siku ya pili alinipigia simu kazini.

"Leseni ya kujifunzia inataka picha ngapi siku hizi?"

"Mbili, mama."

"Mandhari ya rangi gani?"

"Nyeupe."

"Haya," alisema, akakata.

Masomo yalifanyika kila alasiri kwenye uwanja wa ghala lililofungwa, baba mkwe na mimi tumekaa kwenye ukingo wa saruji. Wiki ya kwanza niliyoyaona ni gari kuruka kama chura na kuzima, kuruka na kuzima. Vioo vilikuwa chini, kwa hiyo tulisikia yote.

"Achia klachi polepole."

"Nimeachia polepole."

"Umeitupa."

"Mwalimu, klachi mimi naijua kuliko wewe. Nimezishika mkononi elfu."

"Unaijua ikiwa mezani," alisema Mwalimu. "Washa tena."

Baba mkwe, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliangua kicheko kwenye kiganja chake ili kisifike mbali. Siku hiyo mama alirudi nyumbani, akala, akaniomba nimkande mguu wa kushoto kwa maji ya moto. Nilipokuwa namkanda akaniambia, "Usidhani nafanya hivi kwa ajili ya maonyesho yenu."

"Sidhani, mama."

"Nafanya kwa ajili yenu kidogo," alisema baada ya muda. "Robo hivi."

Wiki ya tatu likatokea jambo. Gari lilikuwa limezima kwa mara ya kumi na ngapi sijui. Mama hakuwasha. Alikaa ameinamisha kichwa, anakanyaga na kuachia klachi taratibu, injini imezimwa, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mwalimu, hii inashika upande mmoja."

"Visingizio vimefika."

"Inashika upande mmoja, nakuambia. Sahani ya klachi imeliwa pembeni. Ikifika katikati inateleza, halafu inashika yote kwa mpigo."

Mwalimu alikanyaga pedali yake ya pembeni kwa mguu wa kulia, akaachia, akakanyaga tena. "Gari limesimama miaka minne," alisema hatimaye, na hilo kwake lilikuwa ni kukubali. Kesho yake fundi alishusha giaboksi. Sahani ilikuwa imeliwa pembeni kama mwezi mchanga. Mama alikuwa nayo mpya, ya mwisho, imefungwa kwenye gazeti juu kabisa ya rafu. Alipanda ngazi akaichukua mwenyewe.

Baada ya hapo gari lilianza kuondoka bila kuruka. Mama alizunguka ghala mara moja, mara mbili, mara saba. Alipoegesha, alimgeukia mwalimu.

"Kumbe hata zamani zile tatizo lilikuwa gari."

"Zamani zile gari lilikuwa jipya," alisema Mwalimu Klachi. "Zamani zile tatizo ulikuwa wewe."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakicheka pamoja, na nikaona kwamba Mwalimu alikuwa amevaa viatu vilivyopigwa rangi. Jirani yake alikuwa ameniambia kwamba kabla ya masomo yale mzee alikuwa hatoki getini hata kununua gazeti.

Sasa njoo uone mambo ya ofisi. Zikiwa zimebaki siku tano, mkurugenzi aliniita. Alikuwa amebadili mawazo. Mtaalamu wa mapambo alikuwa amemshauri kwamba magari makuukuu yasizidi matatu, la sivyo ukumbi utanuka petroli. Ya pili haikuwa na umuhimu, alisema, hakuna anayeikumbuka. Wangechapisha picha yake kubwa, saizi ya gari lenyewe, wakaibandika kwenye ubao na kuisimamisha kwenye safu. Nilijitetea. Nikamwambia kuna watu wawili wamefanya kazi wiki tano. Alisema niwapelekee shukrani za kampuni na kofia mbili.

Kofia sikuzichukua. Nilikwenda kwa mama nikiwa na aibu usoni, nikaanza kwa mbali, nikazunguka, hadi akaniambia niseme. Nikasema. Alikuwa anabandika bei kwenye bampa. Alimalizia kuilainisha karatasi kwa kidole gumba.

"Hiyo ni habari ya kazini kwako," alisema. "Mimi nina mtihani Alhamisi."

Alhamisi niliomba ruhusa. Mtahini alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na ubao wa kuandikia, na alimwita mama "mama" kwa adabu iliyonitia hofu, kwa sababu mtu akikuheshimu hivyo mara nyingi anajiandaa kukuangusha. Walizunguka barabarani nusu saa. Mwalimu, baba mkwe na mimi tulibaki kwenye benchi. Mwalimu alikuwa anakanyaga breki hewani. Waliporudi, yakabaki mapipa, mawili, ya bluu, na safari hii hapakuwa na meza ya chai karibu.

Mama alirudi nyuma polepole sana, unaweza kusema gari lilikuwa linafikiri. Nusu njia akasimama. Nilimwona anatazama kioo cha kushoto, cha kulia, kisha anageuza shingo nzima na kutazama kwa macho yake mwenyewe. Akasogea tena. Nyusi ikapita katikati, huku ikiacha nafasi sawasawa pande zote mbili, na ikatulia.

Mtahini aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Umefaulu, mama. Ila indiketa umeisahau mara mbili."

"Moja," alisema mama.

"Mbili."

"Haya, mbili."

Mwalimu Klachi aliinuka kwa fimbo yake, akampa mkono mama, akaurudisha, akampa tena. Baba mkwe ndiye aliyelia, na alisema ni vumbi.

Jumamosi ya maonyesho ukumbi ulijaa. Picha ya Nyusi ilisimama kati ya Sanduku na Yai, imechapishwa vizuri, ila feni kubwa ilikuwa inaipepea, kila dakika gari linatikisika kama linaona baridi. Nilikuwa nagawa vitabu vya bei pale mlangoni nilipoiona Nyusi yenyewe inakuja barabarani. Samawati, vioo chini, mama kwenye usukani ameketi wima kama jaji, Mwalimu pembeni na tai shingoni. Nyuma yao foleni ya magari kumi na tano, yote kwa mwendo wa mama.

Nilidhani wanakuja kwetu. Nikatoka nje kuwaonyesha pa kuegesha. Mama aliniona, akapiga honi fupi, akawasha indiketa ya kulia, akaizima, akapita moja kwa moja.

Ndani, watu walikuwa wamesogea kwenye vioo. Mzee mmoja mwenye suti alisema, "Ile si ya Mwalimu Klachi? Mimi nilijifunzia mle." Mama mwingine akasema hata yeye alijifunzia mle. Wengine wakatoka nje kabisa, na juisi zao mkononi, kuitazama ikipungua barabarani. Mkurugenzi alinijia.

"Ile ni ya pili?"

"Ndiyo."

"Kwa nini imepita?"

Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli. Nilijua baadaye, mchana, mama aliponipigia simu. Walikuwa kilomita arobaini nje ya mji, kwa dada yake Mwalimu. Tangu mguu ugome Mwalimu hakuwa amemwona, kwa kuwa hataki kupanda gari la mtu asiyemjua, na dada mtu naye safari humletea ugonjwa. Miaka minne walikuwa wanasalimiana kwenye simu, mmoja anamwambia mwingine kwamba hajambo.

"Tulikuwa tunakuja kwenu," mama aliniambia. "Tulipofika karibu nikamuuliza, Mwalimu, tukishuka hapa tutafanya nini? Akasema, tutasimama. Nikamuuliza angependa kwenda wapi kama si hapo. Akanyamaza hadi taa za pili za kuongozea magari, ndipo akamtaja dada yake."

"Na sasa wanafanya nini?"

"Wanagombana. Wamekaa barazani, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyevunja kigoda cha marehemu mama yao. Saa nzima sasa. Nimeletewa chai, nasikiliza."

Kwa nyuma nilimsikia mwanamke mzee akisema kwa sauti nyembamba kwamba kigoda kilikuwa cha miguu mitatu na shahidi yuko hai, na Mwalimu Klachi akijibu kwamba shahidi huyo alikuwa na miaka miwili.

Jumatatu mkurugenzi aliniuliza kama Nyusi ingeweza kukodiwa kwa wiki ya pili ya maonyesho. Nilimpa namba ya mama wazungumze wenyewe. Sijui walizungumza nini, ila picha iliendelea kupepesuka mahali pake hadi mwisho.

Safari za kwa dada zimekuwa za kila Jumamosi ya pili. Mara moja nilikwenda nao, nikakaa nyuma. Tulipofika, yule bibi alizunguka gari zima, akafungua mlango wa dereva, akaketi, akashika usukani kwa mikono miwili. Ana miaka sabini na mmoja. Alimuuliza mama ilimchukua muda gani kujifunza, na mama alisema wiki tano, kisha akamtazama Mwalimu, akaongeza miaka thelathini na mmoja. Mwalimu Klachi alisema yeye hafundishi tena, hasa ndugu. Dada yake hakubishana. Alitoa mguu nje, akaonyesha raba nyeupe alizovaa, mpya kabisa, zimefungwa kamba mara mbili, akaomba aelezwe kwanza ni ipi kati ya zile pedali tatu ndiyo breki.